Kitabu Kinasema Nane

Jumatatu, 3 Machi

Kitabu cha kituo kina safu kumi na moja, na hakuna hata moja ya kuandika ninachofikiri. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Kule naandika joto, mgandamizo wa hewa, mawingu, mvua na upepo. Humu nitaandika mengine, na asiyependa asisome.

Mimi ni mpimaji wa hali ya hewa, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila saa natoka na kalamu, nasoma vyombo, narudi naandika. Sitabiri. Mtaani hawaelewi hilo. Jirani akinyeshewa nguo kambani ananinunia mimi wiki nzima. Kutabiri ni kazi ya makao makuu. Mimi naandika kilichopo, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kufuta namba wala kubuni. Wenzangu wananitania kwamba hata umri wangu nautaja na desimali.

Ng'ambo ya barabara, upande wetu wa kusini, linajengwa jengo la ofisi. Leo wamemwaga zege la ghorofa ya tano. Anayewainulia mizigo kwa kreni ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Wenzake wanamwita Bwana Juu. Asubuhi anapanda ngazi dakika kumi na mbili nzima, akifika kibandani anatoa mkono dirishani kunisalimia. Mtu mzima na ndevu zake! Nami namjibu, nikihakikisha kwanza mkuu wa kituo haangalii.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Hakuna la maana.

Jumatatu, 10 Machi

Amekuja msimamizi wa ujenzi. Tunamwita Bwana Tarehe, maana hamalizi sentensi bila kutaja tarehe ya kukabidhi jengo. Kipimaupepo cha kreni kimekufa, kipya kimeagizwa na hakijulikani kitafika lini. Ameomba kwa muda huu awe anapiga simu kituoni kila saa tumpe kipimo chetu. Upepo ukifika mita kumi na nne kwa sekunde, kreni inasimama na mwendeshaji anashuka.

Mkuu wa kituo alitafuta kifungu cha kanuni kinachoruhusu, akakipata, akasaini. Yeye bila kifungu hata chai hanywi, ndiyo maana jina lake huku ni Kifungu.

Nilifurahi, nisifiche. Mdogo wangu aning'inie angani kwa namba zangu, nani atampimia vizuri kuliko mimi? Jioni nilimpigia kumwambia. Akacheka: "Basi dada, ukinikasirikia unaninyima kazi kwa kalamu tu!"

Ijumaa, 14 Machi

Mvua ya kwanza, milimita nne. Paa la choo cha kituo linavuja palepale pa mwaka jana.

Alhamisi, 20 Machi

Kuna kitu hakinipendezi. Tangu juzi upepo unatoka kusini. Miti ya kule nyuma ya jengo inainama, kibendera kilichoko kwenye ncha ya kreni kimenyooka kama kimepigwa pasi, halafu mimi nasoma mita sita. Sita ni upepo wa kuanikia nguo za mtoto. Nilisimama chini ya mlingoti nikiangalia vikombe vitatu vya kipimaupepo vikizunguka kivivu, vinasita, vinazunguka tena.

Nimeandika sita. Ndiyo iliyosomeka.

Jumatano, 26 Machi

Upepo umegeuka, unatoka kaskazini. Nimesoma mita tisa, na kibendera cha kreni kinasema vilevile. Kwa hiyo vikombe si vibovu.

Nimeshinda stoo na vitabu vya miaka iliyopita. Machi ya mwaka jana, upepo wa kusini: kumi, kumi na mbili, kumi na moja. Mwaka juzi vilevile. Mwaka huu: saba, sita, na tangu wamwage ghorofa ya saba, tano. Nimekaa juu ya ndoo ya rangi nikajiona mjinga kupindukia. Kila ghorofa ikipanda, upepo wangu unashuka. Jengo lenyewe limetukinga. Linasimama katikati ya upepo wa kusini na mlingoti wetu, halafu watu walioko juu yake wanatupigia simu kutuuliza kuna upepo kiasi gani.

Nimemweleza Kifungu. Kwanza alidhani natania. Kisha akasema, "Chombo kina cheti?" Kina. "Cheti kimeisha muda?" Hakijaisha. "Basi chombo ni kizima." Nikamwambia, mkuu, saa ikiwa nzima ukaifunika na sufuria, utajuaje muda? Akasema tuandike barua makao makuu kuomba mlingoti uhamishwe.

Nimeandika mimi. Kurasa mbili, na mchoro.

Jumapili, 30 Machi

Chakula cha mchana kwa mdogo wangu. Wifi yangu ni fundi cherehani, mezani tulisukuma vitambaa ndipo sahani zikapata pa kukaa. Akaniuliza, wifi, hivi huo upepo wa msimu huu unatoka wapi hasa, kwa nini uko shwari, mara unavunja?

Nikamwambia afungue mlango wa jiko lake wakati tanuri linawaka. Hewa ya moto inapanda juu, na ya baridi inaingia chini kujaza nafasi, utaisikia miguuni. Upepo ni huo tu, hewa inatoka palipobanana kwenda palipolegea, na tofauti ikiwa kubwa mbio zinakuwa kubwa. Lakini wa kuogopa msimu huu ni mwingine. Wingu la radi linanyanyua maji hadi juu sana, yanapoa, yanakuwa mazito, halafu yanaanguka na hewa yote baridi iliyoyazunguka. Ni kama kumwaga ndoo ya maji sakafuni. Yakifika chini hayana pa kwenda, yanatawanyika pande zote kwa kasi. Dakika tano ulikuwa unatokwa jasho, ya sita bati la jirani liko kwako.

"Na huko juu aliko mume wangu?"

"Huko ni zaidi. Chini kuna nyumba na miti inaupunguza."

Mdogo wangu akaingilia huku anatafuna. "Dada, utamkosesha usingizi mwenzio. Mimi nina namba zako, nina hofu gani?"

Nikamweleza habari ya jengo kukinga mlingoti. Alisikiliza vizuri, sikatai. Kisha akasema kreni ni yake miaka kumi na moja, anaijua inavyotikisika, na kampuni haimlipi kwa kutikisika, inamlipa kwa namba. Akisema anashuka wakati kituo kimesema sita, kuna vijana watatu chini wana leseni na hawana kazi.

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi kutoka makao makuu amekuja. Jamani! Nilimpikia mpaka chai. Amepanda mlingoti, amepaka grisi, amezungusha vikombe kwa kidole, ameandika "chombo kinafanya kazi ipasavyo". Nikamwonyesha jengo. Akaliangalia, akasema, "Zuri." Nikamwambia linakinga upepo. Akasema yeye ametumwa kukagua chombo, mazingira ya chombo ni idara nyingine.

Jumatatu, 7 Aprili

Idara nyingine imejibu. Kuhamisha mlingoti kunahitaji fomu, na fomu inahitaji saini ya mwenye kizuizi kwamba anakubali ni kizuizi. Nimevuka barabara kwa Bwana Tarehe. Akasoma fomu yote, akanirudishia kwa vidole viwili. "Mama, nikisaini hapa nimekiri kwamba vipimo ninavyotumia ni vibaya. Wakinisimamisha kazi, jengo nalikabidhi tarehe ngapi?"

Nimerudi na fomu yangu. Ghorofa ya nane imekwisha.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua, milimita thelathini na moja. Matawi barabarani. Kipimo cha juu kabisa: nane. Nguzo ya umeme imelala huko nyuma ya jengo, nami nimeandika nane!

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimesema uongo.

Saa tano asubuhi barometa ilianza kushuka, na kusini palikuwa na wingu jeusi lenye kingo zilizochongoka. Vikombe vilisoma saba. Simu ikalia, Bwana Tarehe, kama kawaida: "Ngapi?" Sikupanga. Kinywa changu kikasema, "Kumi na tano."

Nilisikia anaguna, kisha honi, kisha nikamwona mdogo wangu anateremka ngazi polepole, kiatu kwa kiatu. Nilikaa kitini nikalia. Miaka kumi na tisa nimeivunja kwa neno moja, na niliona raha ambayo sijaiona tangu msimu uanze.

Lakini kitabuni nilishindwa. Nilishika kalamu, nikauambia mkono uandike kumi na tano, ukaandika saba. Ndivyo nilivyo, mpumbavu wa hati safi.

Wingu lenyewe likapita mbali. Jua likatoka, kweupe. Saa nane Bwana Tarehe alikuwa mezani kwa Kifungu anaomba kuona kitabu, kreni yake imelala saa tatu na kibendera hakitikisiki. Kifungu akafungua ukurasa. Saba, kwa mwandiko wangu.

Bwana Tarehe hakufoka, afadhali angefoka. Alisema tu, "Aliyeko juu ni mdogo wake. Mnaona wenyewe."

Nimepewa barua ya onyo. Kuanzia leo simu ya ujenzi anaipokea Kifungu peke yake.

Jumatano, 16 Aprili

Mdogo wangu amekuja na mkewe kunigombeza. Wenzake wamempachika jina jipya, Mtoto wa Dada. Anaulizwa kama dada amemruhusu kwenda haja ndogo. "Umenivunjia heshima," akasema. "Niliyekuwa namwamini namba zake ni wewe. Sasa hata mimi nikuaminije?"

Nami hasira zikanipanda. Nikamwambia, "Sikio la kufa halisikii dawa." Nikaliona neno linatoka na sikuweza kulirudisha. Akachukua kofia yake akaondoka. Wifi alibaki ananitazama. Mungu anisamehe mdomo huu.

Ijumaa, 18 Aprili

Ghorofa ya tisa. Upepo wa kusini, mita tano. Hatujasalimiana siku mbili. Asubuhi alipanda, mkono hakutoa.

Jumanne, 22 Aprili

Naandika nikiwa kwenye korido ya hospitali. Nisipoandika leo sitaandika tena.

Asubuhi ilikuwa joto la kunata, hewa imesimama. Saa sita barometa ilishuka kuliko nilivyoiona msimu wote. Saa saba na nusu kusini kukawa rangi ya chupa. Nikamwendea Kifungu. Nikamwambia, mkuu, hili ndilo lenyewe, wapigie washuke. Akauliza kipimo. Nane. Akaniambia kwa upole, maana si mtu mbaya, "Tumeshapitia hapa wiki iliyopita. Ukiniletea kumi na nne, napiga simu sekunde hiyohiyo."

"Hakitafika kumi na nne! Jengo linakikinga!"

"Basi niwapigie kwa kifungu gani?"

Saa nane simu ikalia. Akaipokea, akanitazama, akasema, "Nane." Akakata.

Nikampigia mdogo wangu simu yake ya mkononi. Ililia sana. Akapokea: "Dada, niko na mzigo."

"Shuka. Nakuomba, shuka. Wiki iliyopita nilidanganya, leo sidanganyi."

"Kituo kimesema nane."

"Kituo ni mimi! Angalia nyuma yako, kusini, unaona vumbi?"

Nadhani aligeuka. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya utotoni. "Naliona. Ngoja nitue hizi mbao, nashuka."

Ngazi ni dakika kumi na mbili. Kwenye ndoano alikuwa na mbao pana za kumwagia zege, furushi zima, zimefungwa bapa. Mzigo wa namna hiyo upepo ukiudaka ni tanga. Nilimwona anaushusha, taratibu, kama inavyotakiwa. Nilikuwa nimesimama uwanjani kwetu kati ya kipimamvua na mlingoti, simu sikioni, na yeye hakuwa amekata, nilisikia pumzi yake.

Kwanza vumbi liliinuka kwa nyuma ya jengo, likasimama juu yake kama ukuta wa pili. Kisha mlio. Kwetu uwanjani majani yalikuwa yanatikisika kidogo tu. Kule juu mbao ziligeuka, zikapanda, zikavuta kamba upande, na mkono wa kreni ukafuata. Alisema, "Dada." Sikusikia neno lingine. Mlingoti wa kreni ulikunjika katikati, bila haraka, halafu kwa haraka.

Juu ya kichwa changu vikombe vilizunguka. Nilivitazama. Sijui kwa nini nilivitazama, ni mazoea ya miaka. Kumi na moja.

Nilikimbia. Kibanda kilikuwa kimedondokea juu ya zege la ghorofa ya tisa, hakikufika chini. Ndiyo pona yake. Walimtoa akiwa na fahamu. Chini walishakimbia, hakuna mwingine aliyeumia zaidi ya mikwaruzo. Nyuma ya jengo, mtaa mzima mabati yameng'oka, nguzo nne zimelala, ukuta wa soko umeanguka. Mbele ya jengo, kwetu, hata ndoo ya stoo haikupinduka.

Kifungu alinifuata baadaye hadi kwenye ngazi za jengo. Alikuwa analia. Akasema, "Saa tisa imepita, hakuna aliyesoma."

Nikamwambia mara ya mwisho nilipotazama ilisomeka kumi na moja. Akarudi kuandika.

Alhamisi, 24 Aprili

Uti wa mgongo. Daktari amesema miguu haitarudi. Amesema mara mbili, wifi hakuelewa ya kwanza.

Jumatatu, 28 Aprili

Wifi anashona kando ya kitanda kwa mkono, sare za shule za watu. Hatuongei. Nikimletea uji anapokea.

Ijumaa, 2 Mei

Mkaguzi wa ajali amekuja kituoni. Mtu mstaarabu, viatu safi. Amefungua kitabu kwenye tarehe 22.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Saa nane ni wangu. Saa tisa ni wa mkuu."

"Saa nane kinasema nane. Ni kweli ilisomeka nane?"

"Ilisomeka nane, lakini haikuwa nane."

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha vitabu vya zamani, mchoro, fomu isiyo na saini. Akaandika, nikaona anaandika, nikapata tumaini. Kisha akatoa karatasi kwenye jalada lake. Barua yangu ya onyo.

"Tarehe 15 ulitoa kipimo cha uongo ili mwendeshaji huyuhuyu ashushwe?"

"Ndiyo."

"Ni ndugu yako?"

"Ni mdogo wangu, tumbo moja."

Akafunga kalamu. Sikuwa na hasira naye. Mimi mwenyewe ningekuwa ndiye mkaguzi, nisingemwamini mwanamke huyu.

Jumanne, 13 Mei

Ripoti imetoka. Chombo cha kituo kina cheti halali. Upepo ulikuwa chini ya kikomo. Mwendeshaji aliinua mzigo mpana bila uangalifu akashindwa kuumudu. Leseni imefutwa.

Bwana Tarehe hakuja hospitali, ila ametuma mtu na matunda. Kreni nyingine imeshaanza kusimamishwa, na hii ina kipimaupepo chake.

Jumanne, 20 Mei

Mvua zinaisha. Milimita mbili.

Jumanne, 27 Mei

Leo wifi alikwenda kupeleka nguo za wateja, tukabaki wawili. Mdogo wangu ameketishwa kwa mara ya kwanza, mto nyuma, mto ubavuni. Amekonda. Ndevu wamemnyoa, amerudi kuwa yule niliyekuwa nambeba mgongoni. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la Aprili. Akasema lipi? Hakulikumbuka, au alinihurumia.

Alikuwa ameisoma ripoti. Iko chini ya mto, imekunjwa mara nne.

"Miaka kumi na moja," akasema. "Nimeshafanya kazi kwenye kumi, kwenye kumi na mbili. Nimeshindwa na nane."

"Haikuwa nane."

"Nalala hapa najiuliza niligusa nini. Labda nilishusha haraka. Labda niligeuza kabla. Mkono wa kreni ulivutika, nikaona kama upepo wa kuua, kumbe ni mimi tu nilipaniki."

"Nisikilize. Huko juu ilikuwa ishirini na tano, labda thelathini. Mtaa wa nyuma hauna paa hata moja. Uliona mwenyewe vumbi. Hukukosea popote, nilikuona, ulikuwa unashusha vizuri kabisa. Kilichokosea ni kitabu."

Alinitazama, na nilidhani nimemfikia. Kisha akanyoosha mkono, akanipapasa shavu, ndiyo kwanza anagusa uso wangu tangu ajali.

"Asante, dada," akasema. "Tangu zamani hupendi nilie. Lakini wewe hujawahi kuandika uongo kitabuni, hata siku ile uliyotaka kuniokoa. Uliandika saba. Sasa usinibembeleze."

Nikafungua kinywa kuapa. Akatikisa kichwa, akaniomba nimsaidie kulala, amechoka. Nikatoa mto mmoja, nikamshika mabega, nikamlaza.